Kabla Hujamleta Tausi Shambani

Ndugu wafugaji, asanteni kwa kufika.

Swali nililopewa ni kama kuna faida kufuga tausi katika shamba dogo. Jibu nalitoa mapema ili tusipotezeane muda. Kama shamba lako ni dogo na kuku ndio wanaokulisha, mwache tausi. Anamfaa mtu mwenye kipande cha ardhi ambacho kuku hawajakikanyaga kwa miaka, mwenye jirani wa mbali, na asiye na haraka na fedha yake. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi ninachokipa uzito zaidi ni udongo, na nitawaeleza sababu.

Ninayemzungumzia ni tausi wa India, mwenye shingo ya buluu. Yupo pia tausi wa kijani wa Asia ya Kusini Mashariki, ambaye yuko hatarini kutoweka, na tausi wa Kongo, aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1936. Hao wawili waachieni wahifadhi. Hata huyu wa India, ulizeni kwanza ofisi ya wanyamapori inataka kibali gani.

Tuanze na hesabu, kwa ufupi. Jike huanza kutaga akifikisha miaka miwili hivi. Mkupuo mmoja wa kutaga ni mayai manne hadi manane, na huatamia kwa siku 28. Dume hupata mkia kamili akiwa na miaka mitatu. Kwa hiyo unalisha ndege miaka miwili mitatu kabla hajakurudishia chochote, wakati kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi mitano. Ukiokota mayai kila siku, jike ataendelea kutaga kwa muda, na mashine ya kutotolea itakuongezea vifaranga. Lakini utawauzia nani? Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Tausi akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, hata zaidi. Mtu aliyenunua jozi kwako leo hana sababu ya kurudi kesho. Mteja wa mayai ya kuku utamwona kila wiki. Wa tausi pengine humwoni tena maishani. Ukishawauzia watu wachache wa eneo lako wanaotaka ndege wa mapambo, soko limeisha, na banda lina vifaranga wanaokula.

Manyoya ni jambo jingine, na hapo kuna kitu halali cha kuuza bila kumgusa ndege. Dume ana manyoya marefu ya mkia 150 hadi 200, mengine yakifika mita moja na nusu, na huyapukutisha yote kila mwaka msimu wa kuzaliana ukiisha. Hayang'olewi. Yanaanguka yenyewe kwa wiki kadhaa, na kazi yako ni kupita asubuhi kabla hayajalowa wala kukanyagwa. Unyoya ukishaloa matope, nyuzi zake hushikana na lile jicho la buluu hufifia, na mnunuzi hataupokea. Dume mmoja, mavuno mara moja kwa mwaka: ni fedha ya kusaidia chakula, si ya kuendesha shamba.

Sasa tuje kwenye udongo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ndege wanapokufa.

Kuku wengi wana minyoo midogo kwenye utumbo kipofu, yaani vile vifuko vilivyo karibu na mwisho wa utumbo. Minyoo hiyo kwa kawaida haimsumbui sana kuku. Lakini ndani ya mayai ya minyoo hujificha kijidudu kinacholeta ugonjwa wa histomoniasi. Mayai hayo hutoka na kinyesi na kukaa kwenye udongo kwa miaka. Nyungunyungu humeza mayai, tausi humdonoa nyungunyungu, na kijidudu kikishaingia huharibu utumbo kisha ini. Kuku anaweza kukibeba bila hata kuzubaa. Tausi na bata mzinga hufa. Kifaranga aliyeshikwa utamtambua ukimtazama: anasimama peke yake, mabawa yamelegea, kichwa kimezama mabegani, macho nusu yamefumba, na kinyesi chake ni cha manjano kama unga wa salfa. Mara nyingi ukifika hapo umechelewa. Tiba yenyewe ni finyu. Nchini Marekani, nitarsoni, dawa ya mwisho iliyokuwa imeidhinishwa kuzuia ugonjwa huu kwa ndege, iliondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 2015.

Ndiyo maana nasema ua wa kuku usigeuzwe banda la tausi, hata ukiufagia na kuupiga chokaa. Na zoea la kumpa kuku mayai ya tausi aatamie, ambalo najua wengi wenu mnalipenda kwa sababu kuku ni mlezi hodari, linamweka kifaranga chini ya mbeba ugonjwa tangu siku ya kwanza. Heri mashine, na sakafu ya wavu au zege inayooshwa. Minyoo ipimwe kwa kupeleka kinyesi kwa daktari wa mifugo, na dawa itolewe kwa ushauri wake. Chanjo ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, nayo muulizeni yeye.

Kelele nitaipitia haraka, kwa sababu haina ufumbuzi. Dume hulia alfajiri, jioni, na msimu wa kuzaliana hata usiku wa manane, kwa sauti inayovuka mashamba. Kama ukuta wa jirani unauona kutoka dirishani kwako, basi huna nafasi ya kufuga tausi. Na akiachwa huru atakula miche ya mboga, atapanda paa, na akijiona kwenye rangi ya gari atapigana na kivuli chake mpaka aikwaruze.

Je, hana jema? Analo, na mimi nampenda ndege huyu kwa moyo wote. Anakula wadudu na hata nyoka wadogo, na hushtuka mapema mnyama mgeni akikaribia. Shamba linalopokea wageni hupata kitu ambacho kuku elfu hawawezi kukileta: watu husimama dume akitanua mkia, wakasahau walichokuja kununua. Uzuri ni faida. Ila uwe na wa kuulipia, au uwe umeridhika kuulipia mwenyewe.

Kwa atakayeamua kuanza, anunue dume mmoja na majike wawili au watatu, wenye mwaka mmoja au zaidi, kwa maana wakiwa wadogo ni vigumu kujua jinsia. Banda liwe na kimo cha mita mbili na nusu, wavu juu, na mti wa kulalia uwe mbali na ukuta kiasi mkia usisugue. Wafungiwe humo miezi miwili au mitatu kabla ya kufunguliwa, la sivyo wataondoka siku ya kwanza na hawatarudi. Mkiwafungua, tafuteni majike yanayoatamia kwenye nyasi ndefu kabla ya kufyeka, kwani jike hutaga chini na hukaa kimya juu ya mayai hata panga likimkaribia.

Michoro ya banda iko hapa mezani. Karibuni tuitazame pamoja.