Nani Anaijua Kura ya Mwanakijiji?

Ndugu zangu, habari za jioni. Kila uchaguzi unapokwisha, kijiji fulani kikionekana kimempa mtu mmoja karibu kura zote, hukumu huwa ileile: watu wa shamba wanaburuzwa. Nimekuja kuipinga hukumu hiyo. Tuulize kwanza: nani ana njia ya kuijua kura ya mwanakijiji, na akishaijua atamfanya nini?

Twendeni Ufaransa, Aprili 1848, siku ya Pasaka. Wanaume wote wamepewa kura, wakulima wakiwamo. Alexis de Tocqueville, mtu wa ukoo mkubwa na mgombea ubunge, ameeleza alivyokwenda kituoni kwa miguu pamoja na watu wa kijiji chake, wamejipanga wawili wawili kwa kufuata alfabeti. Walipofika juu ya kilima wakasimama, wakamtaka aseme neno. Mvua ilikuwa inanyesha. Akawaasa mtu asiingie nyumbani mwa mtu kula wala kujikausha kabla hajapiga kura. Mwenyewe aliamini karibu wote walimpa mgombea mmoja.

Ukiishia hapo utasema ni kondoo na mchungaji wao. Lakini serikali mpya ilikuwa imeongeza santimu 45, karibu nusu faranga, juu ya kila faranga ya kodi za moja kwa moja, na mwenye kashamba akaumia. Desemba mwaka uleule, katika uchaguzi wa rais, Louis-Napoléon Bonaparte, mpwa wa Mfalme Napoleon, alipata zaidi ya kura milioni 5, karibu robo tatu ya zote. Walioibeba kura hiyo ni wakulima. Akamwacha mbali Jenerali Cavaignac, mkuu wa serikali, ambaye Tocqueville alimuunga mkono. Waweza kusema walichagua vibaya, maana mwaka 1851 mtu huyo aliipindua jamhuri, nami nitakubali. Kuburuzwa, hapana. Mtu aliyetozwa hasahau.

Kutii kwa hofu ni jambo jingine, na huko ndiko macho yetu yanapaswa kwenda. Huko Wales, mwaka 1868, kura ilikuwa ikitajwa hadharani na kuandikwa daftarini mbele ya watu. Wakulima waliokodi mashamba wakampinga mgombea wa wenye ardhi, na baada ya uchaguzi baadhi yao wakafukuzwa mashambani. Hebu fikirini: umesimama mbele ya karani, msimamizi wa shamba yuko hapo anasikiliza, na paa linalowafunika wanao ni la bwana wake. Sheria ya kura ya siri ilipitishwa mwaka 1872.

Chile ilichelewa zaidi. Karatasi za kura zilikuwa zikichapishwa na vyama vyenyewe, hivyo mwenye shamba aliweza kumkabidhi kibarua wake karatasi iliyo tayari na kumsindikiza hadi sandukuni. Mwaka 1958 serikali ikaleta karatasi moja rasmi, ambayo mtu aliijaza kwa siri. Kura za vyama vya mrengo wa kulia, vilivyokuwa upande wa wenye mashamba, zikapungua hasa kule ambako vibarua wengi walikuwa wakiishi kwenye mashamba ya mabwana. Watu walikuwa walewale, kilichobadilika ni karatasi tu. Mimi sijaona ushahidi mzito kuliko huo.

Sasa, msidhani siri ya mtu mmoja inatosha. Kituo cha kijijini kina wapiga kura wachache, na matokeo yake yakitangazwa peke yake, mwanasiasa hana haja ya kujua jina la yeyote. Anajua kijiji kizima kilimkataa, na barabara au kisima vitasubiri. Nikiona kijiji kimepiga kura kwa kauli moja, hili ndilo ninaloliuliza mwanzo: je, matokeo yake hutangazwa peke yake? Uingereza huchanganya karatasi za masanduku mbalimbali kabla ya kuhesabu. India, mwaka 2008, Tume ya Uchaguzi ilipendekeza kura za mashine za kupigia kura za vituo kadhaa zijumlishwe pamoja, ili isijulikane mtaa upi ulimpa nani kura. Serikali haikukubali, na matokeo ya kila kituo huko yanaendelea kusomeka kimoja kimoja.