Mashine Tumelipia, Ufunguo Wameondoka Nao

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam, Siku ya Haki za Mlaji Duniani, Machi 15

Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, walimu wangu niliowaona pale nyuma, wauguzi, mafundi sanifu wenzangu, ndugu wananchi, habari za asubuhi.

Historia ya siku hii mnaijua. Machi 15, 1962 Rais Kennedy aliwapelekea wabunge wa Marekani ujumbe wenye haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Mimi nimekuja na hiyo ya pili. Aliyenunua mashine ya hospitali kwa fedha ya wananchi, je, ana haki ya kujua inavyotengenezwa ikiharibika? Wanaonifahamu wamenisikia nikilisema hili kwenye semina na vikao vya bajeti mpaka wamechoka. Nitalisema tena, kwa sababu mashine bado zimelala.

Nianze na kisa. Hospitali siitaji na kampuni siitaji. Ni hapa hapa mjini, msimu wa masika. Tulikuwa na mashine mbili za kupumulia, mapacha kabisa: kampuni moja, toleo moja, zilishushwa siku moja kutoka gari moja. Ya kwanza iligongwa na mlango wa lifti ikihamishwa, kioo kikapasuka. Ya pili ilipata janga la umeme. Ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza bodi ya nguvu, ila kioo chake kilibaki kizima. Fundi yeyote hapo anaona jibu: chukua kioo kizima ukifunge kwenye mwili mzima, upate mashine moja inayofanya kazi badala ya maiti mbili. Ndivyo tulivyofanya. Skrubu nne, nyaya mbili za utepe, hata nusu saa haikufika. Tukawasha. Feni ikazunguka, taa zikawaka, sista wa zamu akapiga makofi. Halafu kioo kikaandika kwamba sehemu iliyofungwa haitambuliki, tumwite wakala.

Kwa nini? Kwa sababu kule kiwandani namba ya kioo na namba ya mwili zimefungishwa ndoa ndani ya programu. Ukileta kioo kingine, hata cha pacha wake, mashine inakataa mpaka aje mwenye kompyuta ya kampuni na neno la siri aziandikishe upya. Kioo ni kizima, mwili ni mzima, waya ni mzima. Kilichokosekana ni ruhusa.

Tukampigia wakala. Akasema kazi yake ni kuuza, matengenezo ni ya mhandisi wa kanda, naye yuko nje ya nchi, tuandike barua. Tukaandika. Ikaja profoma, yaani ankara ya makadirio: nauli ya ndege, hoteli, posho ya siku tatu, na kitu kinaitwa huduma ya programu. Kasma yetu ya matengenezo, yaani fungu letu la bajeti, haikufika hata nusu yake. Faili likapanda kwa mhasibu, likashuka. Likapanda kwa mganga mfawidhi, likashuka. Wiki tisa. Wiki tisa mashine imefunikwa shuka la kijani kwenye kona ya wodi ya wagonjwa mahututi, na akija mgonjwa wa kuwekwa kwenye mashine tunashika simu kuuliza hospitali nyingine kama wana nafasi. Ndugu zangu, mmewahi kumsikiliza daktari akiuliza nafasi kwenye simu huku ndugu wa mgonjwa wamesimama hatua tatu kutoka kwake, wanamwangalia mdomo? Mimi nimesikia.

Mhandisi akaja siku ya Jumatano. Kijana mstaarabu, sina ugomvi naye. Tukamwekea chai. Akatoa kompyuta mpakato, akachomeka waya nyuma ya mashine, akaandika neno la siri huku amezuia kwa kiganja tusione, akabonyeza mara tatu. Mashine ikakubali. Nilitazama saa: dakika saba. Hakushika bisibisi. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba hayo ni ya nchi zetu, wenzetu hawana shida hiyo. Wanayo. Mwaka 2020, korona imepamba moto, mafundi wa Marekani walikwama pale pale nilipokwama mimi. Walikuwa wakitoa skrini kwenye ventileta moja, yaani mashine ya kupumulia, na kuifunga kwenye nyingine, programu inakataa. Wakawa wanaagiza kwa posta kifaa kidogo cha kufungulia, kilichoundwa na fundi mmoja wa Poland. Mwaka huo huo kaskazini mwa Italia, katika hospitali ya mji wa Chiari, vali za vifaa vya kupumulia ziliisha na msambazaji hakuweza kuleta nyingine kwa wakati. Wahandisi wa kampuni ndogo ya jirani wakachukua vali moja, wakaipima, wakazichapa nyingine kwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Wagonjwa wakapumua.

Jibu la wauzaji siku zote ni moja: usalama. Neno hilo linafunga watu midomo, maana nani atasimama apinge usalama wa mgonjwa? Mimi nalichukua kwa uzito, kwa kuwa mashine ikigoma saa nane usiku anayeitwa ni mimi, wala si kiwanda. Basi tulipime. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ililichunguza jambo hili ikatoa ripoti Mei 2018. Ikasema ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha kwamba mafundi wasio wa kiwanda wamesababisha tatizo kubwa la afya ya jamii. Ikaongeza kwamba wengi wao, kama walivyo wengi wa viwandani, wanatoa huduma nzuri na salama. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ndiyo hutoa misamaha chini ya sheria ya hakimiliki, ikaruhusu kufuli la programu livunjwe ikiwa lengo ni kutengeneza kifaa tiba. Lakini kuruhusiwa kuvunja kufuli si kupewa ufunguo. Bado ni juu yako kujua pa kulivunjia.

Na yuko atakayeninukuu vibaya akasema nataka fundi simu wa Kariakoo afungue ventileta. Sijasema hivyo. Nasema fundi sanifu wa vifaa tiba, aliyesomea, ambaye akimaliza kutengeneza anapima kama mashine inatoa hewa kwa kiasi kilichoandikwa, ndipo anaitia saini. Hao tunao. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, inawafundisha pale makutano ya Bibi Titi na Morogoro, hatua chache kutoka tulipo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa hospitali 60 za nchi 11 zenye uwezo mdogo. Kati ya mashine zilizokuwa zimelala, 72 katika kila 100 zilirudishwa kazini bila kuagiza spea kutoka nje. Kwa hiyo msituambie tatizo ni mikono yetu. Kijana wa diploma tumemfundisha miaka mitatu, tumempa bisibisi na mita, halafu tunamsimamisha mbele ya kioo kinachomdai neno la siri. Anajifunza nini hapo? Anajifunza kupiga simu.

Tufanye nini? Hapa ndipo ninapogombana na wakubwa zangu, kwa sababu dawa iko mikononi mwetu na tunaiachia. Siku pekee ambayo muuzaji anatusikiliza ni siku ambayo hajalipwa. Tukishalipa, sisi ni waombaji. Kwa hiyo viandikwe kwenye nyaraka za zabuni, kabla ya senti kutoka: mwongozo wa matengenezo, wala si kile kijitabu cha kuonyesha pa kuwashia, neno la siri la fundi pamoja na programu yake, mafunzo kwa mafundi wetu wawili angalau, na orodha ya spea yenye bei zilizofungwa kwa miaka ambayo mashine inatarajiwa kuishi. Asiyekubali, asishinde zabuni. Tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na vigezo vya mashine tunaviandika wenyewe. Nimekaa kwenye kamati za tathmini ambazo zilibishana saa nzima juu ya magurudumu ya mashine, na suala la nani ataifungua ikigoma halikuguswa.

Mengine nayapitia haraka, Mwenyekiti ananionyesha saa. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, inavisajili vifaa tiba kabla havijaingia sokoni. Mwongozo wa matengenezo uwe sehemu ya jalada la usajili. Tume ya Ushindani inayo Sheria ya 2003 inayokataza kutumia vibaya nguvu ya soko. Mtu mmoja akishika ufunguo wa mashine zote za aina fulani nchini, hilo ni la kuchunguzwa. Mashine za msaada nazo zipitie mlango huo huo, maana anayekupa mashine bila mwongozo amekupa kazi ya kutafuta stoo. Na tusisubiri Ulaya: agizo lao la 2024 kuhusu haki ya kutengeneza linataja mashine za kufulia, majokofu na simu, vifaa tiba havimo. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha mwaka 2022 sheria inayomlazimisha mtengenezaji wa viti vya umeme vya walemavu kutoa spea, vifaa na miongozo. Ilianza na kiti, na sisi tunaweza kuanza na mashine ya kupumulia.

Nilitaka kuzungumzia mgonjwa wa kisukari aliyepewa kipimo cha sukari cha bure, kisha akagundua kinakubali vipande vya kupimia vya kampuni moja tu, na duka la jirani havipo. Hilo tulifikishe kwenye maswali, nimeona mama mmoja pale mbele ametikisa kichwa.

Ile pacha ya pili iko stoo mpaka leo. Bodi ya nguvu nimeipata, iko kwenye droo yangu. Kioo kipya tunaweza kukiagiza. Nikivifunga vyote, itaniambia nimwite wakala.

Vile vipengele vinne vya zabuni nimevichapa kwa maneno ya kimkataba, ukurasa mmoja. Nakala ziko kwa dada aliyekaa mlangoni. Mlio kwenye bodi za zabuni, naomba msitoke bila kuchukua.