Drili ya mezani iliyoliwa na kutu: tuifufue uani

Karibuni ndugu zangu. Drili hii imekaa miaka mingi bila kazi kwenye banda hapa Kirumba, Mwanza, na hewa ya ziwa imeila vizuri tu.

Naomba kitu kimoja kabla hatujaanza: usiguse meza yake kwa grainda. Ilinyooshwa kiwandani. Ukiichimba, kila tundu utakalotoboa litakwenda upande.

Fungua kila kitu huku ukipiga picha. Bolti zilizogoma, ziloweke kwa dizeli mpaka kesho.

Sasa kutu, tunaitoa kwa umeme. Jaza maji kwenye beseni la plastiki, tia magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 hivi. Chumvi hapana, inatoa gesi ya klorini. Ning'iniza kipande chako chenye kutu katikati, kandokando simamisha vyuma chakavu, visigusane nacho. Tafuta chaja ya betri ya volti 12 ya kizamani, kwani hizi mpya zinajizima zenyewe. Hasi ifunge kwenye kipande chako, chanya kwenye chakavu. Ukizigeuza, kitakacholika ni mashine yako. Chakavu kisiwe cha stenlesi, kinaachia sumu ya kromu majini. Aluminiamu na beringi visiingie kabisa.

Washa. Mnaona vipovu hivi? Ni hidrojeni, inashika moto, ndiyo maana tuko uani, mbali na jiko la mkaa. Kesho zima chaja kwanza, ndipo utoe. Kutu imekuwa tope jeusi, brashi inatosha, na chuma kizima hakijapungua. Kausha, paka oili hapo hapo, maana kwa unyevu wa Mwanza kutu haingoji jioni.

Beringi nunua mpya, namba iko ubavuni.

Mota ilikuwa ya fezi tatu, nyumbani tuna fezi moja. Nimefunga ya fezi moja yenye kapasita, mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli ya sentimita 5 kwenye mota ikivuta ya sentimita 20 juu, unabaki na robo, mizunguko 360. Huo ni mwendo wa biti ya milimita 20 kwenye chuma laini. Ya milimita 10 inataka kama 800, kwa hiyo hamisha mkanda kwenye puli za ukubwa mwingine. Msizoee kutoboa kila kitu kwa mwendo mmoja, biti zinaungua bure.

Waya wa ethi ufungwe kwenye mwili wa mashine, mkanda ufunikwe, glavu vua.

Haya, bamba liko kwenye vaisi, tone la oili, nawasha. Tazameni chuma kinavyotoka kimejikunja, bila moshi.