Filamu ya Mvua Hupigwa Kiangazi

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mada mliyopewa inasema "filamu fupi ya mwanzo wa machipuko, yenye muziki wake". Ni jina zuri, ila lina baridi ndani yake. Kule Ulaya ya kaskazini machipuko huja na mwanga: siku hurefuka, theluji huyeyuka, mpiga picha naye hulifuata jua. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kabisa ya mwaka wetu haifiki saa moja, kwa hiyo jua halitupi habari yoyote. Habari tunaletewa na mvua, na yetu ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Basi tuzungumzie mwanzo wa mvua.

Kosa linaloua filamu nyingi za aina hii ni kuanza kupiga siku ambayo wingu limeshatanda. Matokeo yake ni dakika tano za kijani. Kijani peke yake hakina maana; mtazamaji wa Tanga au wa Bukoba atauliza, kuna jipya gani hapo? Jipya ni kwamba palepale, wiki mbili zilizopita, palikuwa vumbi tupu. Kwa hiyo kazi inaanza Oktoba.

Chagua sehemu tano, si zaidi: mbuyu mmoja, korongo la mchanga, shamba ambalo halijaguswa, kichuguu, na upeo wa mbali wenye kilima. Kila sehemu pigilia vigingi vitatu ardhini, pale inapokaa miguu ya stendi ya kamera. Andika kwenye daftari kimo cha stendi kwa sentimita, urefu wa lenzi kwa milimita, mwelekeo wa dira, na saa. Chapisha picha ya fremu ya kwanza kwenye karatasi uende nayo kila unaporudi, uilinganishe na kioo cha kamera. Rudi katikati ya Oktoba, kisha mwanzoni mwa Novemba, kisha asubuhi baada ya mvua ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Saa iwe ileile; saa 1 asubuhi inafaa kwa sababu upepo bado haujaamka. Ukikosea kigingi kwa kiganja kimoja tu, ukija kuunganisha picha mbuyu utaonekana unaruka kama mbuzi.

Kuhusu mipangilio ya kamera nitakwenda haraka. Piga fremu 25 kwa sekunde: umeme wetu ni wa hezi 50, na ukiwa na taa yoyote kwenye picha haitacheza. Shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Jua la saa 6 mchana la hapa, kwa ISO 100 na shata hiyo, linakulazimisha kufunga tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikikua tundu linapungua), na picha inapoteza makali. Ukitaka f/4 unahitaji kichujio kinachopunguza mwanga mara 32. Mizani ya rangi usiiachie kamera. Ifunge kwenye kelvini 5600. Ukiiachia, udongo mwekundu itaupausha, na wingu la mvua lenye rangi ya risasi italigeuza kuwa jivu. Ile rangi ya wingu ndiyo nusu ya filamu yako.

Vumbi ni adui wa Oktoba, maji ni adui wa Desemba. Usibadilishe lenzi kwenye upepo. Ibadilishie ndani ya mfuko, mdomo wa kamera ukiangalia chini. Vumbi likiingia halionekani kwenye f/4, ila ukifunga hadi f/16 anga lote linajaa madoa. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda nje baada ya mvua, lenzi itashika ukungu kwa dakika kumi au zaidi. Zima kiyoyozi robo saa kabla ya kufika.

Sasa mbuyu, na hapa naomba tukae kidogo. Mibuyu mingi huanza kuchanua na kutoa majani mvua ikiwa bado haijakolea. Mti huu hauna subira. Ua lake jeupe huning'inia kichwa chini, hufunguka jua likitua, hutembelewa na popo usiku, na kesho yake limeshakuwa kahawia, linaanguka. Una jioni moja tu. Tafuta tawi la chini lenye tumba lililonenepa, ambalo ncha yake imeanza kupasuka. Funga kamera saa 11 jioni, ipige picha moja kila sekunde 10 hadi saa 1 usiku. Hizo ni saa mbili, picha 720, ambazo kwa fremu 25 zinakupa karibu sekunde 29 za filamu. Utatumia nane. Yanayoharibika hapa ni mawili. Kwanza, upepo: ua linaning'inia kwenye kikonyo kirefu na kila picha litakuwa mahali pengine, kwa hiyo lifunge kwa uzi wa kushonea kwenye kijiti kilicho nje ya fremu. Pili, giza: jua linatua baada ya saa 12 na nusu, na mwanga unaanguka haraka. Weka taa ndogo yenye karatasi nyembamba mbele, iwake tangu saa 11, ili mwanga wake uchukue nafasi taratibu. Ukiiwasha katikati, mkato utaonekana. Kuhusu popo, taa kali zitamfukuza. Ridhika na kivuli chake dhidi ya anga.

Mvua yenyewe ikija, elekeza kipimo cha mwanga kwenye wingu, si kwenye ardhi. Matone ya kwanza kwenye vumbi yapige kwa fremu 100 na shata 1/200, kamera ikiwa sentimita 20 kutoka ardhini. Yakichezwa kwa 25 yataanguka polepole mara nne, na utaona kila tone likiinua taji la vumbi. Nafasi hiyo haidumu hata dakika mbili. Ardhi ikishalowa imekwisha hadi mwakani. Kumbikumbi hutoka baada ya mvua, mara nyingi jioni au usiku. Kichuguu ulichokiwekea vigingi Oktoba sasa kinalipa.

Kwenye korongo usisimame katikati ya mchanga kwa sababu tu kwako ni kukavu. Mto Bubu unatoka upande wa Kondoa ndipo umwage maji Bahi. Mvua inaweza kuwa imenyesha usikokuona. Maji ya kwanza hufika na povu, vijiti na mizizi mbele. Picha ni nzuri sana, na hupigwa ukiwa juu ya ukingo.

Nimesema picha kwa muda mrefu, na sasa niwaambie kwamba kinacholeta msimu ni sauti. Funga macho, sikiliza tone kwenye vumbi, tone kwenye jani kavu, tone kwenye bati. Ni mvua tatu tofauti, na zinarekodiwa mbalimbali. Usishike maikrofoni chini ya mwavuli, kwa sababu utarekodi mwavuli. Iweke chini ya paa la turubai lililofunikwa taulo lililokunjwa mara nne, ili matone yanyweke kimya. Vaa maikrofoni manyoya ya kuzuia upepo. Swichi ya kukata sauti nzito inasaidia Oktoba, lakini ngurumo ikianza izime, la sivyo utaikata ngurumo pia. Acha nafasi: mvua isizidi desibeli -20 kwenye kipimo, kwa kuwa radi haibishi hodi.

Halafu kwenye kuhariri, tafadhali, ngurumo isigonge pamoja na mmweko. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kilomita. Radi iliyo kilomita 5 inasikika baada ya sekunde 15. Kwenye filamu unaweza kufupisha hadi 4, lakini ukifanya sifuri, hata mtoto wa Chamwino anayechunga mbuzi atajua umedanganya.

Vyura hunyamaza wakisikia hatua. Acha kinasa sauti kando ya dimbwi, ondoka, kirekodi nusu saa. Robo saa ya kwanza uitupe. Enda kati ya saa 8 usiku na alfajiri, bodaboda na baa zikiwa zimelala.

Muziki. Mkoa huu una ala zinazotosha, na ulimwengu umezisikia kupitia marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kabila la hapa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Kinachowapata watengenezaji wengi ni kuchukua ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kisha kuitandikia kinanda chini. Hazipatani, na sababu inapimika. Sauti za Kigogo zinafuata ngazi ya asili ya mlio, yaani sauti ndogo zilizomo ndani ya kila mlio: ya nne, tano, sita, saba na kuendelea. Kinanda kimegawanya oktavu sehemu 12 sawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha tofauti ya sauti). Sauti ya tano ya asili iko senti 14 chini ya ile ya kinanda, na ya saba iko senti 31 chini, karibu theluthi ya hatua. Ukizipiga pamoja, sikio litasema ilimba imekosea. Haikukosea. Zima pia ile programu ya kunyoosha sauti. Itanyoosha Ugogo wote uwe kinanda.

Rekodi ilimba kwenye chumba chenye mikeka na magodoro ukutani, maikrofoni ikiwa sentimita 30 hadi 40, pembeni kidogo ya tundu. Ule mkwaruzo unaosikika juu ya noti unatoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu. Ndio ladha yenyewe. Programu ya kusafisha kelele inaudhania uchafu, basi usiiguse.

Mpangilio ndio huu tunaoutetea: muziki ukae kwenye ukame, unyamaze tone la kwanza likidondoka. Sababu si ushairi. Mvua ni sauti pana inayojaza sauti nyembamba za juu zote, na mkwaruzo wa ilimba uko hukohuko juu. Vikipigwa pamoja vinafutana, na mhariri huishia kupunguza mvua. Kwenye filamu ya mvua! Muziki urudi asubuhi ya siku ya 3 kwa izeze, ala ya nyuzi ya Kigogo, peke yake, wakati mlenda wa porini unachungulia. Ngoma za muheme, zinazopigwa na kina mama, zina mahali pake kwenye unyago. Ukizihitaji, kaa na wenyewe kwanza, wakuambie mdundo upi unaotoka nje na upi hautoki.

Mpiga ilimba usimvalishe mita ya mdundo, ule mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni. Mwonyeshe mkato wa awali, apige, kisha wewe ukate picha kumfuata. Kama muziki ni lazima uandikwe kwa mita, chagua mapigo 75 kwa dakika, ambapo kila pigo ni fremu 20 kamili, au 100, fremu 15. Mapigo 120 yanakupa fremu 12 na nusu, na hakuna nusu fremu ya kukatia.

Makubaliano yaandikwe kabla ya kurekodi: malipo, jina kwenye filamu, na itatumika wapi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inagusa hata sanaa za jadi, kwa hiyo "wimbo wa wote" si wa bure. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, waulizeni. Kibali cha kupiga filamu kiko Bodi ya Filamu, na droni ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Huu ni mji mkuu, msirushe kitu hewani kwa kubahatisha.

Filamu ya dakika 5 yenye vipande vya sekunde 6 ina vipande 50. Mkipiga mara 12 ya hapo mna saa moja ya picha. Kwa megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45, inatosha kwenye kadi ya 64. Ya kutuma mtandaoni tengenezeni pia nakala ya megabiti 5 kwa sekunde, ambayo haifiki megabaiti 200, mtu aipakue bila kumaliza bando. Na kabla ya kuituma ichezeni kwenye simu ya kawaida. Spika yake haitoi sauti nzito. Ngurumo inaweza kupotea yote. Ikipotea, msiongeze uzito. Pandisheni ule mpasuko wa mwanzo wa radi, ndio simu inaoweza kuutoa.

Karibuni maswali.