Kutoka Kuli hadi Zhing-zhong: Majina Waliyopewa Wachina Barani Afrika

Mhadhara kwa wanafunzi wa ukalimani, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi vijana mnaosomea ukalimani, nashukuru kwa kunialika. Nimefanya ukalimani kati ya Kichina, Kiingereza na Kiswahili kwa miaka 18, muda mwingi katika miradi ya ujenzi na katika maghala ya Kariakoo. Mwenyekiti aliponitaka nizungumzie ugumu wa kazi hii, nadhani alitarajia nieleze habari za toni za Kichina na ngeli za Kiswahili. Ugumu huo upo, ila dawa yake inajulikana, nayo ni mazoezi. Mimi nimekuja na ugumu mwingine, wa maneno ambayo mkalimani anayaelewa vizuri kabisa na angependa asingeyasikia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kibanda cha mradi mmoja wa barabara pamoja na mhandisi mshauri kutoka Ulaya, msimamizi wa kandarasi ambaye ni Mchina wa jimbo la Hunan, na maofisa wawili wa Kitanzania. Vipimo vya zege vilikuwa vimekataliwa mara ya pili, na kikao kilikuwa kimechacha. Mshauri akawageukia maofisa wetu, akasema kwa Kiingereza huku akitabasamu kwamba haya ndiyo matokeo ya kuwapa kazi watu hawa, na hapo akatumia neno fupi la dharau ambalo wenye Kiingereza wamekuwa wakiwatukania Wachina tangu zamani. Kisha akanitazama na kuniambia hiyo nisiitafsiri. Maofisa wetu walicheka, mmoja wao kwa sauti. Sikuitafsiri. Tulipotoka nje, msimamizi akawasha sigara, akaniambia kwa Kiswahili alichojifunza kwa madereva wa malori, “Mwalimu, mimi nimesikia.” Akavuta tena, akauliza, “Na wewe ulicheka?” Nilimwambia sikucheka, na mpaka leo sina hakika kama aliniamini.

Mezani pale palikuwa na wageni wawili. Wote walikuwa na vibali vya kazi, wote walifuata mshahara, na wote wangerudi kwao mradi ukiisha. Hata hivyo mmoja, kwa lugha ya watu wa Masaki na Oysterbay, mitaa ya wenye nacho jijini, ana jina lake la heshima la Kiingereza, expatriate, linalomaanisha mtu anayeishi nje ya nchi yake kwa ajili ya utaalamu wake. Mwingine, mwenye shahada ileile na uzoefu pengine mkubwa zaidi, ni Mchina tu. Dharau ile ilisemwa na mgeni juu ya mgeni mwenzake, na aliyetakiwa kuishuhudia na kuithibitisha kwa kicheko ni mwenyeji. Nimeona jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, na ndilo lililonifanya nianze kufuatilia majina haya yalikotoka.

Tuanze na kuli. Katika Kiswahili kuli ni mpakiaji na mpakuaji wa mizigo bandarini, na neno hilo halina tusi. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, wa Zanzibar wakafuata 1948, na historia yetu inawataja kwa fahari. Lakini neno hilohilo, lililotufikia kutoka India, katika Kiingereza cha kikoloni lilikuwa jina la Mhindi au Mchina aliyesafirishwa ng'ambo kwa mkataba, na huko Afrika Kusini hadi leo ukimwita mtu hivyo umemtukana. Wajerumani nao katika miaka ya 1890 walileta vibarua wa Kichina na wa Java kwenye mashamba ya Usambara, jaribio ambalo halikudumu.

Mfano mkubwa ni wa Transvaal, eneo lililo katika Afrika Kusini ya leo. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu, migodi ya dhahabu ya Witwatersrand ilikosa vibarua, kwa sababu Waafrika walikataa kurudi kwa ujira uliokuwa umepunguzwa. Kati ya 1904 na 1907 wakaletwa Wachina zaidi ya 63,000, wengi wao kutoka kaskazini mwa China, wakawekwa katika kambi zilizozungushiwa uzio. Wafanyakazi wazungu, ambao nao walikuwa wamevuka bahari kuja kutafuta maisha, walipiga kelele kwamba watanyang'anywa kazi. Ili kuwatuliza, sheria ya mwaka 1904 iliyoruhusu Wachina waletwe iliorodhesha kazi zaidi ya 50 ambazo Mchina haruhusiwi kuzifanya, tangu useremala hadi uendeshaji wa mitambo. Kufikia 1910 wa mwisho walikuwa wamerudishwa kwao, lakini orodha haikurudi nao. Ilibaki migodini ikawa kiolezo cha ubaguzi wa kazi uliomfungia Mwafrika kwa miongo mingi iliyofuata. Ndugu zetu wa kusini walirithi ukuta uliojengwa kwanza kumzuia Mchina, na kila ninaposikia Mwafrika akimcheka Mchina kwa neno la mzungu ninaikumbuka orodha ile.

Sisi Watanzania tuliwahi kuwa na neno letu wenyewe. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, na katika hotuba na magazeti ya wakati huo waliotoka China waliitwa wataalamu. Makaburi yao pale Majohe, ng'ambo ya Gongo la Mboto, yanaitwa hadi leo Makaburi ya Wataalamu wa Kichina. Walilala kwenye mahema, wakala mboga walizolima wenyewe kando ya kambi, na hilo liliwashangaza watu waliozoea kumwona mtaalamu wa kigeni akiishi kwenye nyumba yenye bustani na watumishi. Ushangao huo ulikuwa na pande mbili. Wapo waliouheshimu unyenyekevu ule, na wapo waliojiuliza ni mtaalamu gani huyu anayeshika sululu. Kutokana na swali hili la pili ulizaliwa uvumi ambao umeenea karibu bara zima na ambao nimeusikia kwa madereva wa teksi na kwa wanadiplomasia vilevile, kwamba Wachina wanaojenga barabara ni wafungwa. Watafiti wameufuatilia uvumi huu nchi hadi nchi bila kupata ushahidi. Mimi huwauliza wanaouamini swali dogo. Mfungwa gani anatuma pesa kwao kila mwezi na kulalamikia kiwango cha kubadilisha fedha? Nimewatafsiria watu hawa benki, ninayajua malalamiko yao.

Bidhaa ndizo zilizokuja kubadili mambo. Biashara ya rejareja ilipofunguka, mtu wa kawaida Harare, Johannesburg au Dar es Salaam alikutana na China kwanza kupitia kiatu, redio na simu, kabla hajakutana na Mchina mwenyewe. Zimbabwe, baada ya serikali kutangaza sera ya kuelekea Mashariki mwaka 2003, watu walivibatiza viatu vinavyoachia soli kwa jina la zhing-zhong. Afrika Kusini wao walisema fong kong. Tazameni majina yenyewe. Kiatu hakikuitwa kibovu wala cha bei rahisi, kiliitwa kwa mlio unaoiga, kwa dhihaka, jinsi lugha ya Kichina inavyosikika katika sikio lisiloielewa. Mtu tayari yumo ndani ya jina la kiatu, na ndiyo maana haikuchukua muda zhing-zhong likawa jina la muuzaji, kisha la kila mwenye sura kama yake.

Kiswahili hakikuhitaji kubuni mlio. Tulitumia jina la watu lenyewe. Simu ikizima tunasema hii Mchina. Fundi akileta kipuri feki anaulizwa mbona umeniletea Mchina. Vijana mnajua pia matumizi mengine ya neno hili kuhusu maumbile ya baadhi ya dada zetu, nami sitayaeleza mbele ya walimu wangu. Neno halikubadilika hata herufi moja, kwa hiyo msemaji anaweza kukana kila wakati kwamba ametukana. Atakwambia nimeitaja simu tu. Tusi la Kiingereza lile la kibandani unaweza kulikataza kwa sheria na kulifuta kwenye kamusi. Hili la kwetu utalifutaje, ilhali ndilo jina halali la taifa la watu zaidi ya bilioni moja? Kwa maoni yangu hapo ndipo mkalimani anapotegwa, kwa sababu akitafsiri “huyu Mchina” kwa jina la kawaida la kabila, ameacha nje kila kitu ambacho sauti ya msemaji ilikibeba.

Afrika Kusini suala hili lilifika mahakamani. Mwaka 2017, baada ya kipindi cha televisheni kuhusu uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zinazouzwa China, watu kadhaa waliandika mtandaoni maneno ya kutisha juu ya Wachina wote. Chama cha Wachina wa Gauteng kiliwashtaki, na Julai 2022 Mahakama ya Usawa ya Johannesburg ikaamua kuwa maneno yale yalikuwa ya chuki. Familia nyingi za Wachina wa huko wamekuwepo kwa vizazi kadhaa, na tangu mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ilikwisha kutamka kuwa Wachina walioonewa chini ya ubaguzi wa rangi wanahesabiwa miongoni mwa weusi katika sheria za fidia ya kiuchumi. Walioandika hawakujali tofauti kati ya mnunuzi wa ngozi aliyeko ng'ambo na jirani aliyezaliwa mtaa wa pili.

Sitaki mnielewe kwamba mwenye malalamiko anyamaze. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeona mgeni akiuza rejareja pembeni mwake ana hoja, na serikali mwaka 2025 ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Amri hiyo inasema asiye raia, na hoja imefika bila kabila la mtu kuguswa. Nimekalimani kwenye mabishano mengi ya kodi na ushuru ambayo yalikuwa makali na ya haki, mpaka dakika ile mmoja alipoanza kuiga chin-chong-chung. Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza tena habari za ushuru.

Na Wachina je? Wana lao. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa Kichina alirekodiwa Nairobi akiwaita Wakenya nyani, akafukuzwa nchini. Juni 2022 uchunguzi wa BBC ulionyesha watoto wa Malawi walivyofundishwa na mpiga video wa Kichina kusema kwa Kichina, bila kuelewa, kwamba wao ni heigui na akili zao ni duni, na video za aina hiyo ziliuzwa China. Heigui maana yake pepo mweusi. Ninyi mtakaokwenda Guangzhou, jiji la biashara kusini mwa China, mtalisikia, hasa kwa Kikantoni, na mtaambiwa halina ubaya, kama sisi tunavyosema Mchina halina ubaya.

Mwaka 2020, wa janga la korona, ulituonyesha pande zote mbili ndani ya miezi miwili. Mwishoni mwa Februari ndege kutoka China ilitua Nairobi na abiria 239, hasira ikapanda, na Wachina wakazomewa barabarani wakiitwa jina la ugonjwa. Aprili Waafrika wa Guangzhou, wakiwemo wanaozungumza Kiswahili kwenye maduka ya mtaa wa Xiaobei, walifukuzwa kwenye nyumba walizolipia kodi, wengine wakalala nje, na mgahawa mmoja ukabandika tangazo kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kulalamika. Mteja wangu mmoja aliyelala kwenye ngazi za jengo usiku mbili aliniambia kwa simu kuwa waliomfukuza hawakumtukana hata neno moja. Walirudia tu, kwa upole kabisa, Mwafrika, Mwafrika.

Nimalizie na langu mwenyewe. Kuna mama mmoja Mchina mwenye duka la vigae ambaye nimekuwa nikiwapelekea wateja kwa miaka mitatu. Siku moja simu yangu ilikuwa juu ya kaunta yake, akanipigia akiwa stoo nyuma kutafuta sampuli, akatoka mapema kuliko nilivyodhani na kuona kioo kimewaka: Mchina Vigae. Anasoma Kiswahili. Alisimama kidogo, akacheka, akatoa simu yake na kubonyeza namba yangu, akanigeuzia kioo nisome. Palikuwa na herufi nne za Kichina, maana yake mkalimani mweusi. Tulisahihisha palepale. Yeye akaniandika kwa herufi tatu zinazokaribia sauti ya jina langu, nami nikaliandika lake kwa herufi zetu bila alama za toni, jambo la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Kijana wake wa dukani, mkazi wa Mbagala ambaye alikuwa akitutazama muda wote huku amebeba boksi la vigae, akauliza, “Na mimi mama umeniandikaje?” Mama akaitazama simu yake, akaitia kwenye droo, akasema kuna mteja mlangoni.