Kitabu cha Kilwa kilitunzwa na nani? (mazungumzo niliyotoa Lindi)

Mwenyekiti asante, mashehe zangu, walimu, wanafunzi, shikamooni. Ile habari ya sheria ya huduma za maktaba ya 1963 na Maktaba Kuu ya Dar iliyofunguliwa 1967 siirudii, mnaijua, na ndo shida yenyewe, kila anayeandika historia ya maktaba Tanzania anaanzia hapo, akijitahidi sana anarudi hadi 1948 kwenye East African Literature Bureau, ile ofisi ya vitabu ya wakoloni, kama vile kabla ya hapo pwani hii hakuna aliyetunza kitabu!

Chukueni Habari za Kilwa, kile kitabu cha zamani cha wafalme wa Kilwa, hapo jirani tu. Mreno João de Barros alichapa habari za wafalme wa Kilwa 1552. Nakala ya Kiarabu tuliyonayo iliandikwa Unguja 1877, ikamfikia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, leo iko London. Sasa hapo katikati ni miaka zaidi ya 300, kitabu kilikuwa wapi jamani? Nani alikinakili karatasi ilipochoka, nani alikikinga na mchwa na unyevu wa bahari, nani aliamua huyu aazimwe yule asiazimwe? Maprofesa wamebishana weee, sultani gani kamfuata nani, mwaka upi, ila mtunzaji wanamruka, na mimi kila siku nasema hiyo ndo kazi ya mkutubi, mtunza maktaba, hiyo ndo historia yenyewe!

Mtu ataniambia vitabu hivyo vilikaa kwenye makasha ya nyumbani, na kasha la nyumbani sio maktaba, halina katalogi wala kadi. Haya, monasteri za Ulaya zamani vitabu vilikaa kwenye makasha na makabati, na wanahistoria wao wanaanza nayo sura ya kwanza. Kwao kasha ni maktaba, kwetu kasha ni kasha tu? Sikubali.

Na msiniambie ushahidi hakuna. Fungueni vitabu vya zamani vya mkono, mtakuta jina la aliyenakili, tarehe, jina la mwenyewe, pengine wakfu. Lakini watu wanakimbilia ripoti za wakurugenzi wa maktaba kwa sababu zimeshachapwa, ziko tayari.

Habari za wahudumu wa kaunta za maktaba na madaftari ya kuazimisha vitabu nilitaka nizizungumze, muda umekwisha, naomba tu wakutubi mliopo madaftari hayo msiyachome. Na mwenye kasha la babu, Kilwa, Sudi, Mikindani, popote, asiuze, asifute maandishi ya pembeni, apige picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Wanafunzi wangu wako pale mlangoni na daftari, wapeni majina.