Panga mboga tu, ugali upo ndani

ATU: Haya karibuni tena jamani, huku Mbeya baridi imeamka na sisi leo, mimi nimejifunga shuka na chai ya tangawizi iko hapa pembeni. Niko na mdogo wangu Lusajo.

LUSAJO: Shikamoo dada Atu.

ATU: Marahaba, habari za nyumbani?

LUSAJO: Nyumbani wazima, ila dada leo naomba tuongelee chakula maana kila siku ikifika saa 11 jioni mama watoto anapiga simu, "leo tunakula nini", na mimi ndo natoka kazini nimechoka, basi napita gengeni nachukua nyanya za jero, yaani mia tano, mafuta ya kupima, kitunguu, dagaa kidogo, nikifika home naambiwa karoti hamna, narudi. Mwezi uliopita niliandika kila kitu kwenye simu. Hela ya genge peke yake ilizidi mchele, unga na gesi ukijumlisha pamoja, niliumia sana.

ATU: Pole. Na umefanya vizuri kuandika, wengi hatuandiki. Mimi nilipoanza nilitaka ratiba ya wiki nzima, asubuhi mchana usiku, yaani milo 21 kwenye karatasi, na vyakula vingine sijawahi hata kuvipika, Jumatano haikufika nikaacha. Kwa hiyo wewe usianze hivyo. Panga usiku tu, alafu siku tano tu.

LUSAJO: Tano? Na hizo mbili?

ATU: Ziache wazi, utanielewa. Na hizo tano usipange chakula kizima, panga mboga. Ugali upo, mchele wa Kyela upo kwenye ndoo, viazi vipo, ndizi unapata. Kinachotutoa nje kila jioni ni mboga.

LUSAJO: Hapo kweli.

ATU: Sasa Jumamosi asubuhi nenda sokoni Mwanjelwa na orodha, ukiwa umeshiba, ukienda na njaa utabeba hata usichohitaji. Na kitu ambacho mimi sikuambiwa na mtu ni hiki, angalia kipi kinaharibika kwanza. Mboga za majani kama figiri na mnafu hazikai, hivyo unazila Jumamosi na Jumapili. Kabichi na karoti zinavumilia, hizo ni za Jumatano, Alhamisi. Nyanya unachanganya, nusu zilizoiva nusu ngumu ngumu bado, zitaiva hapo nyumbani taratibu na wiki inaisha hujatupa hata moja. Dagaa wakavu weka akiba kwa siku ambayo umechelewa kurudi.

LUSAJO: Na mafuta?

ATU: Mafuta nunua lita kama mfuko unaruhusu. Ukipima ya jero kila siku, kwa mwezi ni elfu 15, na chupa huna.

LUSAJO: Aisee. Ila nikwambie, kwetu tunaogopa maharage, gesi inaisha. Mama watoto amekulia Dar, alipofika huku akasema maharage ya Mbeya hayaivi, sijui ni mabovu.

ATU: Hapana, mwambie sio maharage. Ni huu mwinuko wetu, mji uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za kule pwani. Hata ukiongeza moto maji hayapandi joto zaidi ya hapo, yanatokota tu kwa fujo na gesi inakwenda, ndo maana maharage yanachelewa kuiva. Kwa hiyo chambua mawe, loweka usiku kucha, asubuhi yale maji mwaga, weka mengine, yatokote kwa nguvu angalau nusu saa ya mwanzo, hiyo usiruke hasa kwa maharage mekundu, yana sumu ambayo moto mdogo hauiui. Alafu punguza moto, funika, yaache. Chumvi weka mwishoni.

LUSAJO: Kwa hiyo napika mengi mara moja.

ATU: Ndio maana yake! Sufuria moja Jumapili. Siku hiyo unayaunga na vitunguu na nyanya kwa wali, mengine yanaingia kwenye ndizi Jumatatu, Jumanne unachemsha mahindi unapata kande. Kwenye friji yanakaa siku tatu, nne. Ambaye hana friji apike ya leo na kesho tu na ayachemshe asubuhi na jioni mpaka yatokote, hata kama ni Julai na baridi inauma, usiamini baridi.

LUSAJO: Mtoto wangu anapenda chai na maharage.

ATU: Chai mpe baadaye, kama lisaa limoja baada ya kula, maana inazuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Kwenye sahani yake mwekee kachumbari, kamulia na limao, hivyo vinasaidia sana.

LUSAJO: Sawa, na zile siku mbili za wazi?

ATU: Moja ni ya viporo, mnakula kilichobaki. Nyingine ni ya mgeni, au mama mkwe kaleta parachichi na maziwa kutoka Tukuyu, au umechoka tu unataka chipsi mayai. Usipoiacha, siku hiyo ikija unaona ratiba yote imeshindikana. Ila Lusajo, hiyo karatasi usiiandike peke yako. Kaa na mwenzio, muulize yeye na watoto wanapenda nini, maana wewe ndo unanunua lakini jikoni unamwachia.

LUSAJO: Nimekusikia dada. Leo Ijumaa, usiku tunakaa tunaandika, kesho Mwanjelwa.

ATU: Na kesho jioni loweka maharage kabla hujalala, usisubiri mama watoto akukumbushe.

LUSAJO: Naloweka mwenyewe. Ndaga fijo, asante sana.